Rangi ya Nyanya

Nyinyi vijana mliochukua mtungi wangu na pikipiki yangu mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi, ili msianze gizani kama nilivyoanza mimi. Sawa. Lakini mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na kuandika kwa kupapasa sikujui. Mahali mtu alinitendea ubaya, nitamtaja. Zakaria wa Marungu, mwenye dume la kukodisha, nitamtaja. Elifasi, karani wa ofisi yetu pale Voi, nitamtaja mara mbili. Mambo ya vyeo na mshahara siyaandiki. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Kwa yule atakayesoma na si wa kazi hii, ajue kwamba tulikuwa tunachukua mbegu ya dume wa kizungu, dume ambaye hata sisi hatujawahi kumwona, na kumtia ng'ombe wa mkulima kwa mkono. Watu waliita sindano. Sindano haikuwapo, lakini jina likishashika halitoki.

Siku ya kwanza niliajiriwa kushika mkia. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, pale Werugha, kwenye krashi, yaani kile kichochoro cha magogo ambamo ng'ombe huingia kichwa mbele na hawezi kugeuka. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuwa na hakika nimeshika mkia wa ng'ombe gani. Mkubwa wangu alikuwa Mutua, Mkamba mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, aliyevaa aproni ya mpira mpaka kwenye viatu.

"Vuta kando," akaniambia. "Kando, si juu! Unapiga kengele ya kanisa?"

Kufika saa sita akanitazama, akavua glovu ile ndefu inayofika begani, akanipa. "Ingia."

Niliingia. Jamani, nitakwambieni ukweli, nimekuwa kwenye harusi yangu mwenyewe na sikusisimka vile. Nje baridi ya Werugha inakata masikio, ndani joto kama mkate unaotoka kwenye tanuri, na mkono wako peke yake ndio wenye macho.

"Umepata nini?"

"Nimepata kitu kigumu kigumu. Kama shingo ya kuku."

"Huyo kuku usimwachilie!" Mutua akaruka kwa furaha. "Hiyo ndiyo shingo ya mji wa mimba. Kuna watu nimewafundisha mwezi mzima hawajamkamata huyo kuku."

Siku zile mbegu ilikuja kwa treni kutoka Nairobi ndani ya vichupa, imechanganywa na maji ya nazi ili iishi siku kadhaa bila barafu. Nazi inatoka pwani, inapita Voi kwenda juu, halafu inarudi Voi na mbegu ya dume ndani yake. Mutua alisema hiyo nazi imesafiri kuliko mjumbe wa bunge, na imeleta maendeleo zaidi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuosha mikono mara tatu, kukata kucha kila Jumapili, na kutomgusa ng'ombe kabla ya kumuuliza mwenye mali ng'ombe ameanza kuita dume lini. "Mama akikwambia asubuhi, mpige jioni, yaani mtie mbegu. Akikwambia jana asubuhi, mwambie pole." Pia alinifundisha kuandika mara mbili, daftari moja la ofisi na moja la kwangu. "La ofisi ni la karani," alisema. "La kwako ni la siku utakapomhitaji Mungu."

Jambo kubwa alinifundisha kwa njegere. Tulikuwa tumeketi kando ya barabara ya Werugha tukingoja gari, na Mutua alikuwa amepewa njegere na akina mama waliokuwa wakifunga magunia ya kupeleka Mombasa. Alizimenya akiongea.

"Ndama akizaliwa, rangi yake inatoka wapi?"

"Kwa baba na mama," nikasema. "Zinachanganyika. Kama chai na maziwa."

"Vizuri. Hata mabwana wakubwa wa vyuo vya Ulaya walidhani hivyo kwa miaka na miaka. Sasa, ukishachanganya chai na maziwa, unaweza kuyatoa maziwa yakarudi meupe?"

"Hapana."

"Basi sikia." Akanihadithia kwamba zamani kule Ulaya kulikuwa na mtawa, mtoto wa mkulima kama mimi, aliyekuwa na kishamba cha njegere nyuma ya nyumba yao ya watawa. Alichukua njegere za ukoo wa manjano akazipandisha kwa mkono na za ukoo wa kijani, chavua ya ua hili ndani ya ua lile, akafunga kila ua kijimfuko ili wadudu wasimharibie. Watoto wakatoka manjano wote. Kijani hakuna hata punje. Mtu mwingine angeandika: kijani kimekufa. Yeye akawapanda wale watoto, akangoja wajukuu. Wajukuu wakatoka, na kijani kimerudi! Kijani kile kile, safi, hakikuchujuka hata kidogo. Akahesabu punje kwa maelfu, na kila alipohesabu ilikuwa karibu moja katika kila nne.

"Unaona?" Mutua akaweka mbele yangu njegere nne juu ya jiwe, akasogeza moja kando. "Kila mtoto anapewa vitu viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Manjano ikiwapo, inasimama mlangoni na kijani kinakaa chumbani. Hakionekani, lakini kipo. Siku mtoto akipewa kijani na baba na kijani na mama, hapo hakuna wa kusimama mlangoni. Kinatoka."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, gari lilikuwa bado halijafika. Nilikuwa nimekaa na ng'ombe tangu utoto na nimeona vitu vikija na kutoweka na kurudi, na wazee wakisema ni jicho la mtu, ni laana, ni kile ng'ombe alichokitazama akiwa na mimba. Na huyu ananiambia kuna hesabu!

"Wakampa nini huyo mtawa?" nikauliza.

"Hawakumpa kitu. Alisoma kazi yake mbele ya wasomi, wakapiga makofi wakaenda zao. Akamwandikia bwana mmoja mkubwa, yule bwana akamshauri ajaribu na mmea mwingine, na mmea wenyewe ni ule usiofuata hesabu hiyo, ukamvuruga. Karatasi yake ikakaa kwenye rafu. Amezikwa miaka mingi ndipo wengine wakagundua jambo lile lile, kwenda kwenye rafu wakakuta mtu alishamaliza."

Basi kuanzia siku hiyo daftari langu likapata mistari zaidi. Rangi ya ng'ombe, rangi ya mamake kama inajulikana, jina la dume, rangi ya ndama.

Miaka michache baadaye Mutua alihamishiwa Taveta, kwenye ng'ombe wa upande wa Salaita, nami nikaachiwa milima. Maji ya nazi yalikuwa yameisha, sasa mbegu ilikuja imegandishwa kwenye mirija myembamba kama bua la nyasi, ndani ya mtungi unaotoa moshi wa baridi. Watoto walidhani napika. Na wakati huo tulipata mbegu ya dume aliyeitwa Sultani. Mweusi na mweupe, na mama yake, kwa karatasi waliyotuletea, alikuwa akitoa maziwa kama bomba lililopasuka. Ng'ombe wetu wa milimani wengi walikuwa weusi, machotara wa kizazi cha kwanza au cha pili. Niliwapiga Sultani ng'ombe thelathini na watatu, wote weusi. Najua idadi kwa sababu daftari bado ninalo.

Mmoja alikuwa wa Mama Wakesho, mjane mwenye matuta ya kabichi chini ya kanisa. Huyu mama alikuwa na neno moja tu kwangu: "Nataka mtamba mweusi na mweupe." Mwanawe alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wametaja mtamba wa rangi hiyo hiyo, kama ule wa jirani yao, na harusi inangojea mtamba akue. Kila nikipita ananipungia mkono. Mpaka siku ng'ombe alipozaa.

Nilifika krashi asubuhi nikamkuta amesimama katikati ya barabara, khanga kiunoni.

"Wewe! Umeniwekea nini?"

"Mama Wakesho, habari ya—"

"Habari iko zizini! Nenda ukaione! Nyekundu kama tofali!"

Nilikwenda. Mtamba, mzima, anaruka, mwekundu mwenye baka jeupe usoni na soksi nyeupe nyuma. Mama mweusi. Sultani mweusi. Na pale uani alikuwa ameketi Zakaria wa Marungu na fimbo yake, kama mtu aliyealikwa.

"Hiyo rangi mimi naijua," Zakaria akasema. "Ni ng'ombe wa tambarare. Huyu bwana ameuza mbegu ya serikali kwa matajiri, nyinyi amewatilia mbegu ya dume la kuokota. Mama, huyu mwekundu wakwe hawatampokea. Nipe mimi nikuondolee aibu. Nitakupa beberu, na ng'ombe wako akiita tena, dume langu lipo, unaliona kwa macho. Dume la chupani nani amelishuhudia?"

Muelewe kwamba kabla ya sindano Zakaria ndiye aliyekuwa akiletewa ng'ombe wote wapandwe na dume lake, kutoka bondeni mpaka mlimani. Mimi nilimfungia duka. Lakini siku ile maneno yake yaliingia vizuri kuliko yangu, maana mimi sikuwa na maneno. Zile njegere za Mutua hazikunijia akilini hata kidogo. Mama Wakesho akampa Zakaria kamba ya ndama, kisha akashuka Voi kushtaki.

Ofisini Elifasi karani aliandika mashtaka kwa mwandiko mzuri sana, hajawahi kuandika vizuri vile. Bwana Daktari wa mifugo, mkubwa wetu, mtu wa bara aliyekuwa hajamaliza mwaka Voi, akaniita.

"Lete mtungi. Lete ufunguo wa pikipiki. Nakupa majuma mawili. Ukiweza kunieleza ng'ombe mweusi na dume mweusi wamezaaje mwekundu, urudi kazini. Usipoweza, nakufukuza, na faili inakwenda polisi kwa wizi wa mbegu."

Nilitoka nikiwa na watoto watano na darasa la tatu. Krashini Werugha nilisikia hakuna aliyeleta ng'ombe. Wakipita njiani wananong'ona. Mke wangu aliambiwa kisimani, "Mume wako ndiye yule wa ndama wa tofali?" Nikamwandikia Mutua, nikamtumia kwa dereva wa lori la Taveta. Nilimweleza yote. Nikangoja siku nne. Dereva akarudi na kijikaratasi kimoja, kimekunjwa:

"Usitetemeke. Ni rangi ya nyanya. Tafuta nyanya, peleka kwa Daktari. M."

Hapa ndipo mtakapocheka, na chekeni tu. Sisi huku kwetu, tuliolelewa na Kiswahili cha upande wa pwani, nyanya ni ile ya kupikia. Mama wa mama yako ni bibi. Nilisoma kijikaratasi kile mara sita. Rangi ya nyanya: sawa, ndama ni mwekundu, hilo Mutua amelielewa. Tafuta nyanya, peleka kwa Daktari. Niliumia. Mwalimu wangu, mtu wa njegere na hesabu, ananishauri nikamwone mkubwa mkono ukiwa na kitu. Lakini majuma yalikuwa yanakwisha. Nilipanda Werugha nikanunua kasha zima la nyanya, zimeiva zinang'aa, nikashuka nalo mpaka Voi nikaliweka juu ya meza ya Daktari.

"Nini hii?"

"Nyanya, bwana."

"Naona ni nyanya. Za nini?"

"Ni... juu ya ile rangi, bwana."

Daktari akasimama polepole. Elifasi alikuwa mlangoni ameshika kalamu tayari.

"Unanihonga? Kwa nyanya? Yaani thamani yangu umeipima ukaona ni kasha la nyanya?"

"Niandike, bwana?" Elifasi akauliza.

"Andika. Na wewe toka na mboga zako. Zimebaki siku tano."

Nililibeba kasha langu mpaka sokoni nikikaribia kulia. Nikalitua mbele ya Mama Njeri, mama wa bara aliyekuwa akiuza mboga karibu na stesheni, nikamwambia achukue kwa bei yoyote.

Akazibonyeza moja moja. "Nzuri. Ningekuwa na nyanya bado angefurahi, alipenda sana hizi."

"Nani alipenda?"

"Nyanya."

"Nyanya alipenda nyanya?"

"Wewe baba vipi? Nyanya! Mama ya mama yangu. Ndiye alinifundisha biashara, mimi nimefanana na yeye kabisa, mpaka hili pengo la meno. Mama yangu hana pengo. Nyanya alikuwa nalo, na mimi ninalo."

Nilimwangalia lile pengo la meno. Ninyi mtasema nimeongeza chumvi, lakini masikio yalinivuma. Mtoto hana, mjukuu analo. Chumbani. Mlangoni. Rangi ya nyanya! Rangi ya bibi! Tafuta bibi, umpeleke kwa Daktari!

"Mama Njeri, Mungu akubariki!"

"Pesa zako!"

"Kaa nazo!" Nilishaanza kukimbia.

Kufika kwa Mama Wakesho alitaka kunifungia lango. Nikamwambia kwa juu ya ua: "Swali moja tu, mama, halafu nipige mawe. Huyu ng'ombe wako mweusi, mama yake alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi. Alikuja na tumbo kutoka mashamba ya wazungu? Hapana, ngoja. Mama yake ni kale kang'ombe ka mume wangu. Kalikuwa kekundu. Tulikaweka kwa rafiki yake huko Marungu."

Sisi watu wa milimani tumekuwa tukifanya hivyo siku zote. Malisho ni madogo, kwa hiyo unamweka ng'ombe wako kwa rafiki wa tambarare, naye anamtunza. Kumbe karibu weusi wote wa Werugha mama zao ni wale wekundu wadogo wa nundu!

"Mama Wakesho, wewe umepewa jina la nani?"

"La bibi yangu. Si desturi?"

"Na mama yako anaitwa Wakesho?"

"Mama ni Mkawasi. Unauliza nini?"

"Jina limeruka mama yako likakuangukia wewe. Wakati mama yako anaishi, hilo jina lilikuwa wapi?"

Alifikiri. "Lilikuwapo tu. Lilikuwa linangoja."

"Basi na wekundu ulikuwa unangoja ndani ya ng'ombe wako. Lakini rangi ina ugumu kuliko jina. Lazima itoke pande zote mbili. Maana yake hata Sultani anao, amekuja nao kutoka kwa bibi yake huko Ulaya. Na kama anao, mama, huyu wako hawezi kuwa peke yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu. Ng'ombe thelathini na watatu. Kama ndama karibu wote wana bibi mwekundu, na Sultani anao, basi nitafute karibu mmoja katika kila wanne. Saba, nane. Wako wapi?

Nilizunguka siku tatu kwa miguu, tuta hadi tuta, daftari kwapani. Na kila mahali ambapo ndama ni mweusi walinionyesha. Mahali pengine: "Alikufa." "Tuliuza." "Yuko kwa shangazi." Macho chini. Mpaka nikafika kwa Mama Saru, mama asiyejua kunong'ona, akasema, "Alikuwa mwekundu! Tuliona haya tukamficha nyuma ya jiko. Zakaria akaja, sijui alijuaje, hata hakuuliza kama ng'ombe amezaa, aliuliza amezaa wa rangi gani."

Nikarudi kule kote nilikodanganywa. Sasa nikauliza tofauti: "Zakaria alimchukua lini?" Na mmoja mmoja wakafunguka. Pamoja na wa Mama Wakesho walikuwa wanane. Wanane katika thelathini na watatu! Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nikarudia, nikacheka peke yangu kama mwehu. Punje za yule mtawa zilikuwa zinatembea kwa miguu minne.

Siku ya mwisho nilisimama mlangoni kwa Daktari, mikono mitupu. "Bwana, leo sina nyanya. Nina mabibi." Nikafungua daftari juu ya meza nikaeleza njegere, chumba, mlango, moja katika nne. Alianza akiwa amesimama, akamaliza ameketi. Alikuwa amesoma mambo hayo chuoni. Uso ulibadilika, nadhani ni aibu.

"Na ushahidi?"

"Uko Marungu, ndani ya zizi moja."

Tulikwenda kwa Land Rover, Mama Wakesho na Mama Saru na wengine watatu wakiwa nyuma wameshika vilemba vyao upepo usivipeperushe, na hasira zao. Zakaria tulimkuta langoni.

"Hawa ni wa dume langu," alisema kabla ya kuulizwa.

Dume lake lilikuwa pale, la kijivu, nundu kama gunia. Na zizini walikuwa wanane wekundu, wana baka jeupe, migongo imenyooka, nundu zao ndogo kama ngumi ya mtoto. Mama Saru hakungoja Daktari. Alipiga mluzi na kuita jina, na mmoja akainua kichwa akaja mbio mpaka kwenye ua. Kisha akina mama wote wakaanza kuita. Zizi likachafuka. Daktari alikuwa akitazama daftari langu na kuwatazama ndama, daftari, ndama, anahesabu kwa midomo.

"Zakaria," akasema, "wewe ulijuaje watazaliwa wekundu?"

"Elifasi ndiye aliyesoma barua, si mimi! Muulizeni Elifasi! Alisema Nairobi wameandika dume lina wekundu, na ndama wekundu ni wazuri wa maziwa sawa na weusi, niwachukue kabla watu hawajajua!"

Daktari akafunga daftari langu, akatuamuru tupande gari turudi Voi.

Barua tuliikuta siku hiyo hiyo, kwenye droo ya Elifasi, chini ya kitambaa cha kufunikia chai. Ilikuwa imefika Voi kabla ndama wa kwanza hajazaliwa. Ilisema wazi: Sultani amezaa wekundu huko bara, wakulima waambiwe wasishtuke. Mistari minne. Ningeambiwa mistari hiyo minne, nisingelala kwa hofu hata siku moja. Nilikumbuka karatasi ya yule mtawa kwenye rafu yake. Lakini ile angalau hakuna aliyeifunika na kitambaa.

Elifasi hakufukuzwa. Alihamishwa, na nasikia alikohamishiwa alipata kiti cha kuzunguka. Zakaria alirudisha ndama wanane na akarudishiwa mabeberu yake, akamwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyewalea vizuri. Daktari alinipa mtungi na ufunguo. Nilimwambia nataka aje krashini aseme mbele ya watu kwamba sikuiba. Akasema faili imefungwa, inatosha. Faili, vijana, hainywi chai na majirani zako. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe.

Majuma sita nilisimama krashini Werugha bila ng'ombe hata mmoja, na Jumatatu ya saba nikasimama tena tangu asubuhi na mapema. Saa moja, hakuna mtu. Saa mbili, hakuna. Mtungi unatoa moshi wake. Saa tatu nikasikia kwato, na kwenye ukungu akatokea Mama Wakesho anavuta yule ng'ombe wake mweusi, na nyuma yake wengine, mmoja, wawili, foleni.

Akamwingiza ng'ombe mwenyewe, akashika mkia mwenyewe.

"Anaita tangu jana jioni," akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. "Mpige Sultani."

"Mama, nimebakiwa na mirija michache ya Sultani. Lakini ujue anaweza kuzaa mwekundu tena."

"Nani amekwambia sitaki mwekundu? Wakwe walikuja kumwona yule wangu, wameona chuchu zake zilivyopangika, sasa wanasema weusi ni wa kawaida. Nao wameomba mwekundu mwingine wa nduguye bibi harusi. Nipigie mwekundu."

"Rangi si mimi ninayeitoa, mama. Mimi nabeba tu. Mwekundu ni mmoja katika wanne."

"Basi huyo mmoja nipe mimi, hao watatu wape Mama Saru."

Foleni ikacheka, Mama Saru akamjibu jambo nisiloweza kuandika, nami nikaingiza mkono, nikaipata ile shingo, nikashusha mbegu mahali pake. Nilifanya kazi ile miaka mingine kumi na kitu na sikumbuki asubuhi nyingine niliyokuwa na furaha kama ile.

Miezi tisa ikapita. Akazaa dume, mweusi tii, hana hata unywele mwekundu. Mama Wakesho hakunisalimu mpaka Krismasi.